Mataji manne au sita? Hesabu ya Cooper Cronk

Usiku wa tarehe 30 Septemba 2018, katika uwanja mkubwa wa Olimpiki jijini Sydney, mchezaji mmoja wa Sydney Roosters, Cooper Cronk, aliingia kucheza fainali akiwa amevunjika bega. Si kuteguka, si kuchubuka. Mfupa bapa wa bega la kushoto, ule unaoupapasa mgongoni, ulikuwa na ufa wa sentimita 15 hivi. Ile rula fupi inayokaa kwenye mkebe wa hesabu wa mtoto wa shule, ndiyo urefu wenyewe.

Na huu si mchezo wa draft. Ni raga, wanaume 26 wanagongana kwa dakika 80 bila kofia ngumu wala huruma. Wapinzani walikuwa Melbourne Storm, klabu aliyoichezea misimu 14 kabla ya kuhama, kwa hiyo walimjua nje ndani. Aliugusa mpira mara chache sana. Kazi yake kubwa usiku ule ilikuwa kusimama nyuma ya wenzake akiongea na kuonyesha: wewe huku, wewe kule, bado, sasa. Hadi mapumziko Roosters walikuwa wanaongoza 18-0. Filimbi ya mwisho ilipolia ubao ulisomeka 21-6.

Kwa sisi tuliolelewa na soka, jambo hili halieleweki kirahisi. Kocha gani anampanga kiungo asiyeweza kupiga pasi? Angekuwa ni kocha wetu, simu za redioni zingepigwa mpaka asubuhi. Lakini kocha wa Roosters alimpanga Cooper Cronk, na alikuwa na sababu. Ili kuiona sababu hiyo lazima kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, kwa sababu siyo raga tunayoijua.

Huku Afrika Mashariki tukisema raga tunawawaza Shujaa wa Kenya, wale waliowachapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016. Au tunawaza raga ya watu 15, ile ya Springboks na All Blacks. Zote mbili ni za nyumba moja, raga ya yunioni. Cronk ametoka nyumba ya pili. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana hotelini katika mji wa Huddersfield zikajitenga, na ugomvi ulikuwa wa pesa. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Ukicheza Jumamosi, umepoteza ujira wa siku hiyo, na klabu zilitaka kuwafidia. Wakubwa wa chama, wengi wao watu wa kipato kisichotegemea zamu ya kiwandani, walisema mchezo ni wa ridhaa, asiye na uwezo akae nyumbani. Ndugu wakagawana vyombo. Wale wa kaskazini taratibu wakabadilisha sheria, wakapunguza wachezaji kuwa 13 mwaka 1906, na kufikia 1908 Sydney nayo ilikuwa na ligi yake. Leo raga hii ya ligi ina ngome zake Sydney, Brisbane, kaskazini mwa Uingereza, na Papua New Guinea, ambako ndiyo mchezo wa taifa.

Tofauti kubwa iko kwenye kukabwa. Katika raga ya yunioni ukiangushwa, watu wanarundikana juu yako kugombania mpira. Katika raga ya ligi wanaokukaba wanatakiwa wakuachie, unasimama, unauviringisha mpira kwa mguu kwenda kwa mwenzako aliye nyuma, na walinzi wanarudi mita 10. Mchezo unaendelea. Kinachoubana ni hesabu: timu ina mikabo sita tu. Ukikabwa mara ya sita mpira unakwenda kwa wapinzani pale pale ulipo, hata kama umebakiza hatua moja kufunga. Kufunga kwenyewe, yaani trai, ni pointi nne, na mkwaju unaofuata ni mbili.

Zamani kikomo hicho hakikuwepo. Kwa Australia mikabo iliwekewa kikomo cha minne mwaka 1967, ikawa sita mwaka 1971. Kabla ya hapo timu yenye nguvu ingeweza kuukalia mpira mpaka wapinzani waanze kuwaza mambo ya nyumbani. Klabu ya St George ilitwaa ubingwa wa Sydney miaka 11 mfululizo, 1956 hadi 1966, katika zama hizo. Kwa maoni yangu, saa ilipowekwa ukutani ndipo kazi ya mchezeshaji ilipopata maana tunayoijua sasa. Palipo na kikomo lazima awepo mtu wa kuhesabu.

Tuitazame seti moja kwa karibu. Timu imepata mpira mita 10 kutoka mstari wake. Mkabo wa kwanza: fowadi wa kilo 110 anaubeba moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa walinzi, watu watatu wanamlaza chini. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mtazamaji mgeni anaanza kupiga miayo. Lakini angalia nyuma ya wale mafowadi. Kuna mtu mwenye jezi namba 7, mchezeshaji mwenyewe, anatembea kando kando, hana mpira, anatazama. Anajua ni mkabo wa ngapi. Anaona walinzi wa upande upi wameshika viuno. Anaona beki wa mwisho wa wapinzani amesimama wapi. Mkabo wa nne hauhusu kusonga mbele, unahusu mahali: fowadi anaambiwa akaangukie hapa na si pale, ili mkabo wa tano uanzie kwenye pembe anayoitaka namba 7. Kisha ule wa tano ndio wake. Anapiga teke.

Teke lipi? Hapo ndipo fundi anapojulikana. Anaweza kuupeleka mbali, kwenye kona ambako beki hayupo, wapinzani waanze seti yao wakiwa wamebanwa ukutani. Anaweza kuupaisha juu kabisa, wenyewe wanauita bomu, ili mawinga wake waruke kuugombania. Au anapiga teke la kutambaa, mpira unapenya katikati ya miguu ya walinzi hadi nyuma ya mstari wao. Ukifika huko na mlinzi akaangushwa nao kwenye eneo lake la kufungwa, timu yake inalazimika kuanza upya kwa mkwaju kutoka kwenye mstari wa goli, na wewe unapata mpira tena na mikabo sita mipya. Ubaoni hakijabadilika kitu. Hakuna anayeshangilia sana. Lakini wale walinzi ambao walishadhani wamemaliza kazi wanaanza kukaba upya wakiwa mlangoni kwao, na ikitokea mara mbili au tatu mfululizo miguu inakuwa mawe. Trai inayokuja dakika kumi baadaye ilitengenezwa hapo. Kwenye video za dakika tatu za muhtasari hautaiona.

Hii ndiyo kazi aliyoifanya Cronk katika mechi 372 za NRL, ligi kuu ya Australia, 323 akiwa na Melbourne na 49 akiwa na Roosters. Na kinachovutia kwake ni kwamba hakuzaliwa nayo.

Alizaliwa Brisbane tarehe 5 Desemba 1983, kwenye jimbo la Queensland ambako raga ya ligi ni kama dini. Alipitia Norths Devils, klabu ya Brisbane iliyokuwa ikiwalea vijana wa Melbourne Storm, na huko alikutana na vijana wengine wawili. Mmoja aliitwa Cameron Smith, mwingine Billy Slater. Hao wawili walimtangulia kupanda ligi kuu, Smith mwaka 2002 na Slater 2003. Cronk alipanda 2004, na hata hapo alikuwa kiraka: anakaa benchi, akiingia anazibishwa pengo popote lilipo. Namba 7 ya Melbourne ilikuwa ya Matt Orford. Orford alipoondoka mwishoni mwa 2005, kocha Craig Bellamy, mtu mkali asiyependa ujinga, alimpa jezi hiyo huyu kijana ambaye hakuwa mchezeshaji aliyekomaa.

Wachezeshaji maarufu wa Australia walikuwa watu wa aina nyingine. Andrew Johns wa Newcastle alicheza kama anayesikia muziki wa peke yake. Johnathan Thurston alikuwa mwembamba, mwenye tabasamu na hila, anabuni kitu pale pale mbele ya macho yako. Cronk hakuwa hivyo, na nadhani alijijua mapema. Alijenga mchezo wake kama fundi seremala anavyojenga kiti, kipande kwa kipande: pasi ya kushoto, pasi ya kulia, teke refu, teke la kutambaa, na mazoezi ya kurudia yaliyompa jina la mtu asiyependa kuacha kitu kwenye bahati. Mwaka 2006, msimu wake wa kwanza kamili kwenye namba hiyo, alichaguliwa mchezaji bora wa nafasi yake katika ligi na Melbourne wakafika fainali. Walifungwa na Brisbane 15-8.

Mwaka uliofuata walirudi fainali wakaifunga Manly 34-8. Mwaka 2008 walikutana tena na Manly, safari hii nahodha wao Smith akiwa amefungiwa, wakala kipigo cha 40-0 ambacho hata kukiandika kinauma. Mwaka 2009 wakawafunga Parramatta 23-16. Fainali nne katika miaka minne, ushindi mara mbili. Kijana wa benchi alikuwa na miaka 25.

Kisha ikaja Aprili 2010.

NRL ina ukomo wa mishahara. Kila klabu inapewa kiwango kimoja cha juu cha fedha za kuwalipa wachezaji wote kwa msimu, ili matajiri wasizoe vipaji vyote na kuwaachia wengine makapi. Ni sheria nzuri inayowaumiza wanaofanya kazi vizuri. Ukiwalea vijana watatu, wote wakawa nyota, bei zao zinapanda na kikapu chako hakiongezeki. Lazima umuage mmoja. Melbourne hawakutaka kumuaga mtu. Viongozi wa klabu walikuwa na mikataba ya aina mbili: mmoja unapelekwa NRL, mwingine wa pembeni wenye malipo ya ziada unafichwa. Ni kama kamati ya harusi inayosoma bajeti moja kwenye kikao huku mweka hazina ana daftari jingine nyumbani.

Tarehe 22 Aprili 2010 NRL ilitangaza hukumu. Melbourne walinyang'anywa ubingwa wa 2007 na wa 2009, pamoja na heshima ya kumaliza kinara wa msimamo miaka ya 2006, 2007 na 2008. Walitozwa faini ya dola 500,000 za Australia na kutakiwa kurudisha zawadi za fedha, dola milioni 1.1. Kubwa kuliko yote, waliambiwa hawatapata pointi yoyote kwa msimu ule uliokuwa umeanza majuma machache tu yaliyopita. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha ziada iliyofichwa ilizidi dola milioni 3 kwa miaka mitano. Wachezaji hawakukutwa na hatia ya kuendesha mpango huo. Na mataji yale mawili hayakukabidhiwa kwa Manly wala Parramatta. Kwenye orodha rasmi ya mabingwa, 2007 na 2009 hazina mwenyewe.

Hapa ndipo panapotoka lile swali la kichwa cha makala. Cronk alicheza fainali tisa za ligi kuu na akaondoka uwanjani mshindi mara sita: 2007, 2009, 2012, 2017, 2018 na 2019. Kitabu cha NRL kinamhesabia nne. Ukibishana na mtu kijiweni kuhusu jambo hili, mtakuwa sahihi nyote wawili, kwa sababu mnajibu maswali tofauti. Mmoja anauliza nani alishinda mechi, mwingine anauliza nani anahesabiwa bingwa. Mimi nikiulizwa nasema nne. Cronk na wenzake walikimbia kwa haki, lakini waliokimbia pamoja nao, kwa sheria, baadhi yao hawakutakiwa kuwa kwenye timu ile. Parramatta ya 2009 ilikutana na kikosi ambacho bajeti halali isingekinunua. Hilo halifutiki kwa sababu tu namba 7 alipiga mateke mazuri.

Ila kuna jambo kuhusu 2010 ambalo halimo kwenye hesabu ya mataji, nami naliweka juu kuliko baadhi ya mataji. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa msimu Melbourne walicheza kila wiki wakijua kabisa hata wakishinda yote watamaliza mkiani. Na wakamaliza mkiani. Fikiria unakabwa na majitu Ijumaa hadi Ijumaa, unapanga mkabo wa nne, unapiga teke la tano, na mwisho wa siku msimamo unakuandikia sifuri. Msimu ulipoisha kikosi kilivunjwa ili kirudi ndani ya ukomo. Greg Inglis, mmoja wa wachezaji wa kuogopwa zaidi wa kizazi kile, akaenda South Sydney. Smith, Slater na Cronk wakabaki. Mwaka 2011 Melbourne walimaliza vinara wa msimamo. Mwaka 2012 waliifunga Canterbury Bulldogs 14-4 kwenye fainali, kwa bajeti iliyokaguliwa mpaka senti, na medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali akavishwa Cronk.

Miezi mitatu kabla ya fainali hiyo alikuwa ameshapiga teke linalokumbukwa kuliko yote aliyowahi kupiga. Kila mwaka majimbo mawili, Queensland na New South Wales, hukutana mara tatu katika mechi wanazoziita State of Origin. Wachezaji wa klabu moja wanageuka maadui kwa usiku mmoja, na Australia ya mashariki inasimama. Cronk alisubiri sana huko. Queensland ilikuwa na Thurston kwenye namba 7 na Darren Lockyer kwenye namba 6, mchezeshaji wa pili, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa ileile ya zamani, benchi. Lockyer alipostaafu mwishoni mwa 2011, Thurston alihamia namba 6 na Cronk akakabidhiwa 7.

Mechi ya tatu ya 2012 ilichezwa Brisbane Julai, kila upande ukiwa umeshinda moja. Dakika za mwisho, 20-20. Katika raga ya ligi kuna njia ya kupata pointi moja tu: unaudondosha mpira kutoka mikononi na kuupiga pale unapogusa nyasi, upite katikati ya milingoti. Kwa kawaida timu hujipanga kwanza, inasogea mpaka mita 20 au 25 mbele ya goli, na kila mtu uwanjani anajua kinachokuja. Cronk hakusubiri. Akiwa mita 40 hivi kutoka kwenye goli aliudondosha na kuupiga. Ukapita. 21-20, na Queensland wakachukua mfululizo wao wa saba. Mwaka 2015 alirudia jambo la namna hiyo jijini Sydney, 11-10, pointi moja tena.

Watu huuita ujasiri. Mimi naona ni hesabu. Mtu anayepiga teke lile maelfu ya mara kwenye uwanja mtupu hafanyi kamari anapolipiga mbele ya mashabiki 50,000. Anafanya jambo alilolizoea mahali penye kelele zaidi.

Sasa tuje kwenye hoja ya wapinzani wake, kwa sababu ipo na ni nzito. Smith ndiye mchezaji aliyecheza mechi nyingi zaidi katika historia ya NRL, 430. Slater alikuwa beki wa mwisho ambaye makocha wanawaonyesha vijana video zake. Queensland alikuwa nao hao hao pamoja na Thurston. Nani asingeonekana wa kutegemewa akiwa amezungukwa na watu hao? Labda tulichokuwa tunakiona ni mfumo wa Bellamy, na Cronk alikuwa boliti moja ndani yake.

Mwaka 2014 ulitoa jibu kwa upande mmoja. Queensland walikuwa wameshinda miaka minane mfululizo. Mapema kwenye mechi ya kwanza Cronk alivunjika mkono akatoka. Queensland wakafungwa 12-8. Mechi ya pili, bila yeye, wakafungwa 6-4. Utawala wa miaka minane ukaisha. Mechi ya tatu alirudi, wakashinda 32-8. Thurston, Smith na wenzao walikuwepo wakati wote huo. Sitaki kuipa mechi tatu uzito wa sayansi, na New South Wales walicheza vizuri mwaka ule. Ila ukifungwa kwa tofauti ya pointi nne, kisha mbili, unaanza kujiuliza ni mateke mangapi ya mkabo wa tano yalikwenda mahali pabaya.

Kwa upande wa pili kuna 2018. Cronk alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, medali ya Dally M ya 2013 na ya 2016, hiyo ya pili akigawana na Jason Taumalolo. Baada ya ubingwa wa 2017, waliposhinda 34-6 dhidi ya North Queensland, aliondoka Melbourne. Hakuondoka kwa ugomvi wala kwa dau. Mchumba wake, mtangazaji wa michezo wa televisheni, kazi yake ilikuwa Sydney, naye akaona ni zamu yake kuhama. Melbourne bila yeye walifika fainali ya 2018 kama kawaida. Kwa hiyo mfumo ulikuwa na nguvu kweli. Shida ni kwamba upande wa pili wa uwanja, usiku ule, alisimama yeye.

Na sasa tunaweza kurudi kwenye lile bega. Alivunjika wiki moja kabla, kwenye nusu fainali dhidi ya South Sydney. Kwa fainali alichomwa sindano za kupunguza maumivu. Roosters hawakumhitaji apige pasi ya mita 20. Luke Keary, namba 6, alibeba kazi ya mikono na miguu, na ndiye aliyechukua medali ya Clive Churchill usiku huo. Walichomhitaji Cronk kukifanya ni kile nilichokieleza kwenye seti: kujua ni mkabo wa ngapi, kumwambia fowadi aangukie wapi, kumwambia Keary sasa au bado. Zaidi ya hapo, alikuwa amekaa misimu 14 ndani ya nyumba ya Bellamy. Alijua Melbourne wanasimama vipi wakichoka na Smith anatazama wapi kabla hajapiga. Mchezeshaji wa kawaida ukimtoa mikono amekwisha. Huyu walimtoa bega, ikabaki ile sehemu waliyokuwa wanailipia muda wote. Ilikuwa pia mechi ya mwisho ya Slater, rafiki wa tangu Norths Devils, akiwa upande uliofungwa. Raga haina staha.

Mwaka uliofuata Roosters walirudi fainali dhidi ya Canberra Raiders na kushinda 14-8. Kwa klabu, ilikuwa mara ya kwanza timu kutetea ubingwa katika ligi moja isiyogawanyika tangu Brisbane ya 1992 na 1993. Kwa Cronk, ilikuwa ubingwa wa tatu mfululizo, akiwa na klabu mbili, na mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 35. Mashabiki wa Canberra wana lao la kusema kuhusu fainali hiyo. Mwamuzi alionyesha kwamba wameanza upya mikabo sita, kisha akabadilisha uamuzi na kuwapa Roosters mpira. Muda mfupi baadaye James Tedesco akafunga trai ya ushindi. Ningekuwa wa Canberra nisingesahau.

Lakini tukio ninalolikumbuka zaidi kwenye mechi hiyo lilitokea mapema katika kipindi cha pili, karibu na mstari wa Roosters. Josh Papalii, fowadi mkubwa wa Canberra, alikuwa anaunyemelea mpira kwa kasi na trai ilinukia. Cronk alimvaa kabla mpira haujamfikia, na hilo ni kosa. Inawezekana alipiga hesabu kwamba adhabu ya dakika kumi nje ni bei nafuu kuliko trai. Inawezekana pia kwamba, baada ya mechi 371 na zaidi, alikosea kwa nusu sekunde. Mwamuzi alinyoosha vidole vyote kumi, na mtu wa kutegemewa kuliko wote uwanjani akatoka kwenda kukaa, kwenye fainali, katika mechi ya mwisho ya maisha yake ya raga.

Roosters walibaki 12 kwa dakika kumi, wakikaba mlangoni kwao bila yule anayehesabu. Cronk aliporudi, ubao ulisomeka 8-8.